Edvina Kaijage, Muuguzi Aliyeuliza Watu Wamelala Wapi

Wapendwa waombolezaji, miaka hamsini na saba ya mtu haienei katika karatasi mbili, na huyu tunayemsindikiza leo hakupenda kusemwa sana. Familia itasema inayoyajua. Yale tuliyochelewa kuyajua tutayasema pia, ingawa yanatutia aibu.

Edvina alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Izimbya, Bukoba Vijijini, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Kaijage na Ma Anatolia. Alibatizwa kanisa Katoliki mwezi uliofuata. Mama yake anasema alikuwa mtoto wa maswali tangu alipojua kutembea. Akiwa na miaka saba alimwuliza baba yake mbele ya wageni kwa nini mama ndiye anayepalilia buni na baba ndiye anayekwenda kuuza. Mzee alicheka, wageni wakacheka, na jibu halijaja mpaka leo.

Alisoma Shule ya Msingi Izimbya kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Katika darasa lake ni yeye peke yake, kati ya wasichana kumi na tisa, aliyekwenda sekondari, akapelekwa bweni kwa masista. Alimaliza mwaka 1986, akaingia chuo cha uuguzi Mwanza, akahitimu mwaka 1990. Barua zake za wakati huo zipo. Zote zinaanza kwa kuuliza hali ya migomba na kumalizia kwa kuomba mtu amwandikie. Hatukumwandikia sana. Tulidhani msomi hapungukiwi na kitu.

Tarehe 1 Julai 1991 aliripoti kazini Zahanati ya Irembero, wilayani Muleba, mwendo mfupi kutoka Ijumbi. Hapo ndipo alipokutana na Philbert Mwijage, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyekuja kutibiwa jino akaendelea kuja hata lilipokwisha kung'olewa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, parokiani Ijumbi. Mungu aliwajalia binti, Annastella, akamchukua akiwa na miezi minane. Philbert naye alifariki tarehe 4 Agosti 2001 kwa homa ya ini. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto, ndugu za mume walimpa Edvina muda mpaka mavuno ya kahawa yaishe, kisha kibanja walichoishi kikarudi kwa ukoo. Hakugombana nao. Alifunga mizigo yake, akahamia chumba cha muuguzi nyuma ya zahanati, na kwa mwaka mzima aliendelea kupika ndizi za watu wawili. Sahani ya pili alikuwa anampelekea mlinzi, akimwambia zimebaki.

Sasa tuje kwenye jambo lililobeba maisha yake yote. Sisi Wahaya ukimwuliza mtu kwao ni wapi, hakutajii nyumba aliyoamka humo. Anakutajia kibanja cha ukoo, shamba la migomba ambamo babu zake wamezikwa, hata kama hajakanyaga huko kwa miaka ishirini. Na hapa Muleba kuna watu wengi wasio na kibanja: wajane waliorudishwa, vibarua, watoto ambao urithi haukuwafikia. Hao wanaishi rweya, uwanda wa nyasi ambako mgomba haustawi na maji yako mbali. Nani atasema kwao ni rweya? Rweya ni mahali pa kufungia ng'ombe na kukatia nyasi za kuezekea. Basi walipofika zahanati na kuulizwa, walitaja vijiji vya baba zao, na Edvina akaandika kama walivyosema. Naye ni Mhaya. Hakuona kosa.

Aliandika hivyo miaka kumi na minne. Mwaka 2004 halmashauri ilipotafuta mahali pa kujenga zahanati mpya na kuchimba kisima, walimwomba takwimu zake, akawapa. Kitabuni Rweya ya Nyakatembo haikuwa na malaria, haikuwa na mtoto aliyeharisha, haikuwa na mjamzito hata mmoja. Ungedhani ni kijiji cha malaika. Jengo likaenda kando ya barabara kuu, kwa watu ambao tayari walikuwa na usafiri, na saini iliyokuwa chini ya takwimu hizo ilikuwa ya Edvina.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2005 alikuwa anahudhuria kliniki mama mmoja mchangamfu, Judica. Siku ya kwanza alipoulizwa kwao, alisema Izimbya. Edvina alifurahi mno. Wakaongea Kihaya, wakaulizana habari za majirani, na kila Judica alipokuja waliagana kama ndugu. Alikuja mara nne. Jumanne tarehe 21 Februari 2006 mume wake, Dastan, alifika zahanati kwa baiskeli, peke yake. Judica alikuwa amefariki njiani akijifungua, yeye na mtoto, baada ya saa tatu za kubebwa kwenye machela kutoka rweya. Edvina alisema hawezi kuwa huyo, maana Judica wake anatoka Izimbya. Dastan akamjibu bila hasira, "Huko ni kwa baba yake, sista. Alikuwa analala kwangu, Nyakatembo."

Edvina angejua, angemwambia aje wiki mbili mapema akae kwake. Chumba kilikuwepo, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Edvina alifungua kitabu akahesabu: mara nne, mwandiko wake mwenyewe, Izimbya, Izimbya, Izimbya, Izimbya. Mwili wa Judica ulipelekwa huko huko Izimbya kuzikwa, kwa sababu mume hakuwa na kibanja na rweya hakuzikwi mtu. Edvina alisimama nyuma ya waombolezaji katika kijiji chake mwenyewe, akaondoka bila kupita nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alijua nani ameyamwaga.

Kuanzia siku hiyo aliacha kuuliza watu kwao ni wapi. Aliuliza, "Jana umelala wapi?" Swali hilo lilimletea kisirani. Mzee mmoja alimshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba nesi anamhoji mke wa mtu alikolala. Mwenyekiti akamwita, Edvina akamweleza, na mwenyekiti naye akaulizwa alikolala, akatafuta kofia yake haraka. Lakini vitabu vilianza kusema kweli. Kila Jumamosi alikwenda rweya kwa miguu akahesabu nyumba, akaandika maji yako umbali gani, paa ni la nini, nani anajua kusoma. Alipata kaya mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa akisema malaria haimchukui mtu yeyote tu, inajua nani hana chandarua, nani hana mlango na nani hana shamba. Alijua anachosema. Kilichomwokoa yeye asiishie rweya baada ya kufiwa ni mshahara tu.

Ripoti alizopeleka zingejaza kabati. Mwaka 2011 alihamishiwa Bukoba kwenye kazi ya takwimu za afya, akapanga chumba Kashai, na ndipo sauti yake ikaanza kusikika. Aliitwa Dodoma mara tatu. Mei 2014 alikwenda Geneva, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu afya na usawa, akapewa dakika nne. Aliwaambia kabla ya kupima ugonjwa waulize mtu amelala wapi, na wakampigia makofi. Wakati wa chai mama mmoja mgeni alimwuliza kwa heshima anatoka wapi. Edvina akajibu, Izimbya. Alikuwa hajalala Izimbya hata usiku mmoja kwa miaka kumi na tatu. Alimsimulia jirani yake kwamba alirudi hotelini akacheka peke yake mpaka akalia, kwa sababu angeandikwa kitabuni, angeandikwa uongo.

Tulijivunia picha ya safari ile, tukaibandika sebuleni. Hatukumwuliza alirudi kwa nani. Kashai ina watu wengi, redio tatu zinasikika ukutani kwa wakati mmoja, na dada yetu alikuwa anakula akiwa amesimama kwa sababu aliona kukaa mezani peke yake ni kuwapa majirani la kusema. Tulimpigia simu tulipougua, tukapona, tukanyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda chake hatukukikaribia.

Agosti 2019 Zahanati ya Nyakatembo ilifunguliwa, rweya palepale, miaka kumi na tatu baada ya Judica. Edvina alikaa mstari wa nyuma siku hiyo. Lakini furaha haikudumu. Watu walipokwenda kutibiwa waliendelea kutaja vijiji vya baba zao, na kwa kuwa dawa huletwa kwa hesabu ya wakazi walioandikwa, makasha yalifika nusu. Wauguzi vijana hawakuwa na ujasiri wa kuuliza alivyouliza yeye. Jambo hilo lilimnyima raha kuliko ugonjwa uliofuata.

Novemba 2023 aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi. Alikwenda Mwanza kwa matibabu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alikwenda peke yake. Fomu ya hospitali ilipouliza ndugu wa karibu, aliandika jina la Zuena, mama muuza maandazi wa chumba cha jirani. Tuliiona fomu hiyo wiki hii. Mama Zuena, tunakushukuru, na tunaona aibu mbele yako.

Aprili mwaka huu mdogo wake, Avit, alikwenda Kashai kumwambia kwamba mahali pake pameandaliwa Izimbya, pembeni ya Baba. Edvina alishukuru, akasema azikwe Nyakatembo. Avit alimwambia kule hakuna mtu aliyewahi kuzikwa, kule ni malisho.

"Ndiyo maana watu hawasemi ni kwao," alimjibu. "Mahali pasipo kaburi hapana mwenyewe. Nipelekeni mimi wa kwanza."

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, huko Bukoba, Zuena akiwa amemshika mkono. Ukoo ulikaa siku mbili. Wazee walikataa, wakasema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba binti wa Kaijage hawezi kutupwa porini kama asiye na watu. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Nusu yetu tulikuwa upande wao. Mwishoni aliomba nafasi Ma Anatolia, ambaye ana miaka themanini na minne na huwa haongei kwenye vikao vya ukoo. Alisema kwa Kihaya, nasi tunayaweka kwa Kiswahili ili wote msikie: "Alipokuwa hai peke yake, hakuna aliyemfuata. Leo ni maiti ndipo mnamtaka? Mpelekeni anakotaka, waitu, jamani. Mimi ndiye niliyemzaa." Kikao kikafungwa kwa neno lake hilo.

Jana Ijumaa vijana wetu walifika hapa Nyakatembo na majembe wakakuta kaburi limekwisha chimbwa. Watu wa rweya walianza alfajiri. Aliyekuwa shimoni ni Dastan, mvi kichwa kizima sasa. Avit alimshukuru, akamwambia familia ingefanya yenyewe, wageni wasijichoshe. Dastan aliendelea kutoa udongo, kisha akasema, "Mke wangu nilimpeleka kwao, kwa sababu sikuwa na mahali pa kumweka. Huyu hatumpeleki popote. Sisi si wageni, bwana. Hapa ni kwetu."

Avit anasema hajawahi kumsikia mtu akisema hivyo kuhusu rweya. Akavua koti, akashuka kumsaidia.

Marehemu ameacha mama, Ma Anatolia. Wadogo zake Avit na Elieth. Watoto saba wa ndugu zake. Na rafiki yake Zuena, aliyekuwa ndugu wakati ndugu hatukuwepo. Ameacha pia kaya za hapa, ambazo kwa hesabu yake ya mwisho zilikuwa mia tatu na nne.

Dada Edvina, mtu akituuliza leo umelala wapi, tutamjibu. Umelala Nyakatembo, kwenu. Upumzike kwa amani.