Gobnait wa Kwanza wa Kilnadarra

Padre, wazee wa parokia, majirani, nanyi nyote mliotembea na mvua hii ya Machi hadi Kilnadarra, familia ya Ó Cíobháin imemsimamisha mdogo wa marehemu awasomee maisha ya dada yake, si kwa kuwa anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa kuwa wanaume wa nyumba yetu wamesema hawana uso wa kusimama mbele yenu, na kusema kweli hata anayesoma hana, ila marehemu aliacha ombi moja, kwamba asomwe kwa jina alilobatizwa na azikwe kando ya mama yake, na ombi hilo haliwezi kutimizwa na watu waliokaa kimya.

Marehemu Gobnait Ní Chíobháin alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Februari 1838, hapa hapa Kilnadarra, katika kaunti ya Kerry, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Tadhg Ó Cíobháin na mkewe marehemu Léan, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Gobnait, msimamizi wa nyuki, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina, akabatizwa kesho yake, na jina lake limo katika kitabu cha parokia hadi leo, mwenye kutilia shaka akalitazame.

Mwezi Septemba 1842, akiwa na miaka minne na nusu, marehemu alishikwa na homa ya siku tisa, akainuka na mguu mmoja uliokauka na ulimi uliokataa kusema, na baba yetu, aliyekuwa akimpenda mno, alimtazama majira yote ya baridi, hatimaye akatamka, "Huyu si wetu, wametubadilishia," akimaanisha Watu Wema, kama tunavyowaita wale wasioonekana wakaao bomani, kwenye duara la udongo la kale, ili wasitukasirikie, na kuanzia siku ile hakuna aliyemwita mtoto kwa jina. Asubuhi tatu mfululizo, tarehe 3, 4 na 5 Mei 1843, jua likichomoza, baba alimkalisha juu ya beleshi, akambeba hadi kwenye jalala, akamwacha hapo, mlango ukafungwa, waliomo ndani wakakatazwa kuitikia kilio, kwa kuwa ndivyo ilivyofanywa na kila aliyebadilishiwa mtoto, ili Watu Wema wamwonee mtoto wao huruma, wamchukue na kumrudisha mtoto wa watu.

Marehemu mwenyewe alisimulia, alipopata tena kusema, kwamba asubuhi ya pili alitoka bomani mwanamke mwenye joho jekundu, akachuchumaa, akamnusa nywele, akamwambia, "Pole, mwanangu, wewe si wa kwetu, wa kwetu hawanuki maziwa, watakuja wenyewe kukuchukua," akamfunika joho hadi jua lilipopanda, akaenda zake. Kilnadarra nzima ilishika maneno hayo kuwa ushahidi kwamba mtoto ni wa bomani, maana nani mwingine angezungumza nao, na familia leo inakiri kwa aibu kwamba wa bomani walimtambua kuwa ni wetu kabla yetu sisi.

Asubuhi ya tatu alipita mwanamke mjane, Neil Ní Dhálaigh, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya kijito na mbuzi zake na mizinga sita, akamkuta mtoto amelowa umande, hajiwezi hata kulia, akasema kwa sauti iliyowafikia waliokuwa ndani, "Kama hamna haja naye, mimi ninayo," akamfunga mgongoni na shali, akaondoka, na mama alipofungua mlango akakuta beleshi tupu, akaamini kwamba Watu Wema wamemchukua wa kwao bila kumrudisha wa kwetu, na kwamba kile kilichokuwa kikichechemea kwa Neil ni kivuli tu kilichoachwa kumdhihaki. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo akazaliwa binti mwingine, naye akapewa jina la Gobnait ili lisikae bure, na ndiye huyu anayewasomea.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma majira mawili ya baridi, mwaka 1845 na 1846, katika shule ya kando ya ua wa miti iliyokuwa nyuma ya daraja, akibeba kila siku bonge lake la udongo mkavu wa kinamasi wa kuwashia moto kama watoto wengine, lakini akiketi peke yake, kwa kuwa wenzake walitiwa misumari mfukoni na mama zao wajikinge naye, maana wa bomani huogopa chuma, wakamwita Mtoto wa Beleshi, jina ambalo wengi mlioketi humu mmelitumia, na mwalimu alipomuuliza kwa nini hagombani nao, alijibu, "Wakinipiga watanigusa, mwalimu, na wananiogopa, kwa hiyo tuko sawa."

Viazi vilipooza na shule ikafungwa, na mama, ambaye kila siku ya mwisho ya Oktoba, usiku wa bomani kutoka nje, alikuwa akimwekea binti yake aliyeibwa sahani ya chakula kwenye mlango wa boma, mwaka 1847 hakuwa na cha kuweka, akaiweka tupu, asubuhi akaikuta imejaa maziwa ya mbuzi, na ikawa hivyo kila siku hadi viazi vya mwaka uliofuata, mama akilia kwa furaha na kutuambia, "Kunyweni, dada yenu ametukumbuka huko aliko." Alikuwa ametukumbuka kweli, akiwa na miaka tisa, kutoka ng'ambo ya kijito, kwa mguu ule.

Asubuhi ya Novemba mosi 1855 mdogo wake alitumwa kuichukua sahani, akamkuta marehemu, msichana wa miaka kumi na saba, akiifuta kwa aproni, na marehemu hakukimbia, alimkabidhi na kumwambia, "Mwambie mama mkate ulikuwa mzuri, ila chumvi imezidi kidogo." Mdogo wake hakumwambia mama, si siku ile wala miaka iliyofuata, kwa sababu alijiuliza njiani, kama yule ndiye Gobnait, mimi ni nani, akaona heri anyamaze abaki na jina, na kitanda, na mama.

Kazi ya marehemu ilikuwa nyuki, aliyoirithi kwa Neil mwaka 1859 pamoja na nyumba, akaongeza mizinga hadi ishirini na miwili, na mishumaa ya altare hii, iliyowaka katika ubatizo na misiba yenu yote kwa miaka arobaini na mitano, ilitoka mikononi mwake, ingawa yeye alisikiliza misa akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa hapakuwa na benchi ambalo watu walisogea kumpisha.

Alifunga ndoa Jumanne, tarehe 13 Februari 1866, mkesha wa Kwaresima, na Ndugu Muiris Ó Catháin, fundi wa kuezeka kutoka upande wa pili wa mlima, ambaye alipoonywa kwamba anaoa kitu cha bomani alijibu, "Basi mahari sitadaiwa na mtu," na hakuna hata mmoja wetu aliyehudhuria. Walijaliwa watoto wawili, binti, Neil, aliyezaliwa 1867 na ambaye sasa yuko Boston, barua itamfikia tukishafukia, na Tadhg, aliyezaliwa 1870, ambaye marehemu alimpa jina la baba yetu, na familia haijui mpaka leo alifanyaje akaweza.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi Novemba 1903, akatibiwa na daktari wa zahanati, na hali ilipobadilika, tarehe 21 Februari mwaka huu, mdogo wake alivuka kijito, akaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamweleza kile ambacho hakuwa amemweleza padre yeyote. Alimweleza kwamba tarehe 14 Januari 1871, mama alipokuwa akikata roho na kumwita Gobnait, na Gobnait aliyekuwa kando yake akiitika, mama alitikisa kichwa na kusema, "Si wewe, mwanangu, yule mwingine," na wakati huohuo mlango ukabishwa, mama akauliza, "Nani huyo?", na mdogo wake, aliyemwona marehemu dirishani akiwa na mshumaa mkononi, alijibu, "Hakuna mtu, mama, ni mbuzi wa jirani," akatia komeo, na mama akafa kabla ya saa sita mchana, na mshumaa ulioachwa kizingitini tukauwasha kichwani pake, kwa kuwa ulikuwa mzuri.

Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilikusikia, mdogo wangu, mlango wenu ni mwembamba, nimemchekesha Muiris kwa mbuzi huyo miaka thelathini na mitatu," kisha akashika ncha ya blanketi, akasema, "Ila siku ile sikucheka." Hakusema amesamehe, wala mdogo wake hakuthubutu kuuliza, alichosema ni lile ombi lake, akalisema mara moja. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 2 Machi 1904, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, na mumewe akaenda kugonga mzinga mmoja baada ya mwingine kuwapa nyuki habari, kama ilivyo desturi ya wafuga nyuki, kabla ya kutupa sisi.

Familia inamshukuru daktari aliyevuka kijito kikiwa kimefurika, majirani wachache waliokesha naye, wafuga nyuki wenzake waliokuja kutoka ng'ambo ya mlima, Ndugu Muiris na Tadhg waliokubali tumzike nao, nasi hatukustahili kuombwa ruhusa wala kuiomba, na mjane Neil Ní Dhálaigh, ambaye hakuwahi kushukuriwa na mtu wa nyumba yetu hadi alipokufa.

Mwisho, kaburi la mama limebakiza nafasi moja, ambayo baba alimwekea anayesoma, akiagiza kwamba yule mwingine asilisogelee, na jana wachimbaji walipouliza wachimbe wapi, walionyeshwa hapo, kwa hiyo anayesoma atatafutiwa pengine siku yake ikifika, popote, hata mlangoni, na tangu leo jina la Gobnait asiitwe tena, aitwe mdogo wake Gobnait, ataitika. Gobnait, binti wa kwanza wa Tadhg na Léan, dada yangu, ni mimi niliyetia komeo, na leo asubuhi nimekuchimbia mimi mwenyewe beleshi la kwanza la udongo, ili uingie kwa mama. Pumzika kwa amani.