Gurudumu Lililonyamaza

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Unajua ni nani. Au umeshaifuta namba yangu, baada ya kuniharibia breki?

FUNDI: Shemeji. Habari za—

MAMA PACHA: Habari zimesimama na mimi hapa mlimani. Salamu utanipa siku nyingine.

FUNDI: Ngoja nizime hii mashine, sikusikii vizuri. (kelele inakatika) Haya. Mlima gani?

MAMA PACHA: Juu ya mteremko wa shule. Nimebeba mitungi ya gesi ya jiko la shule. Mpishi ananipigia kila nikivuta pumzi, watoto hawajala, na hii pikipiki yenu ya matairi matatu nikiigusa breki inalia mpaka watu wanatoka madukani kutazama. Inalia na inatetemeka. Hivyo viatu vya breki ulivyonifungia uliviokota jalala gani?

FUNDI: Umeisimamisha kwa breki au kwa gia?

MAMA PACHA: Kwa hasira.

FUNDI: Shemeji.

MAMA PACHA: Kwa breki ya mkono. Ya mbele.

FUNDI: Tia gia ya kwanza, zima injini. Tafuta mawe, weka mbele ya matairi ya nyuma. Yote mawili. Nakungoja.

MAMA PACHA: Usinikatie.

FUNDI: Sikati.

(Upepo kwenye simu. Jiwe linagonga chuma.)

MAMA PACHA: Nimeweka. Sasa nijibu. Mume wangu, huyo mdogo wako, alipokuwa anaiendesha yeye, kabla mgongo haujamlaza, ulikuwa unamfungia vitu vya maana. Nimepanda mimi, nafungiwa takataka. Kwa sababu mimi si damu yenu, au vipi?

FUNDI: Viatu vilikuwa vipya. Ulisimama pale pale ukiniangalia navitoa kwenye boksi.

MAMA PACHA: Boksi hata mimi naweza kulinunua.

FUNDI: Sawa. Nitukane, lakini huku unanijibu. Ukikanyaga, mtetemo unausikia wapi? Mikononi au mguuni?

MAMA PACHA: Mguuni. Pedeli inanipiga unyayo, inapanda mpaka goti. Mikono haina neno.

FUNDI: Basi la mbele tuliache, shida iko nyuma. Ukiachia pedeli, kelele inaendelea?

MAMA PACHA: Inakata hapo hapo.

FUNDI: Vizuri. Ingeendelea ningesema beringi.

MAMA PACHA: Vizuri kwa nani? Mimi nasimama hapa kama nauza mitungi barabarani, wewe unaniambia vizuri.

FUNDI: Inakuvuta upande?

MAMA PACHA: Kushoto. Nikikanyaga sana inataka kunitupa mtaroni. Na kelele yenyewe ni ya kushoto. Hilo gurudumu la kushoto ndilo ulilolifunga vibaya, nimeshajua, sikuhitaji kukupigia. Nimekupigia ili usikie.

FUNDI: Nimesikia. Una maji?

MAMA PACHA: Ya kunywa.

FUNDI: Usiguse kitu kwa mkono. Mwaga kidogo kwenye kile chuma cha katikati, gurudumu la kushoto. Simu isogeze karibu.

(Maji yanachemka juu ya chuma.)

MAMA PACHA: Umesikia hiyo? Jiko. Ningeweza kuwapikia watoto hapa hapa.

FUNDI: Sasa la kulia.

MAMA PACHA: Kulia halina shida, nimekuambia ni—

FUNDI: La kulia, Mama Pacha.

(Maji yanamwagika.)

MAMA PACHA: Halisemi kitu. Maji yanatiririka tu.

FUNDI: Sogeza mkono polepole. Ukisikia joto, uondoe.

MAMA PACHA: Baridi. Ni baridi kama mtungi.

FUNDI: Sikiliza. Umeteremka milima yote ya asubuhi, na gurudumu moja ni baridi. Maana yake halijashika hata mara moja. La kushoto linasimamisha mzigo wote peke yake. Ndiyo maana limeungua, chuma chake kimepinda, na kikishapinda ndipo pedeli inapokupiga. Linalolia ndilo linalofanya kazi. Bovu ni hilo lililonyamaza.

MAMA PACHA: Basi wewe ndiye uliyelifunga hilo bovu. Kulia, kushoto, mikono ni yako.

FUNDI: Inawezekana. Inama, tazama upande wa ndani wa tairi la kulia. Pale ule mkono wa breki unapoingia kwenye chuma. Pakavu?

MAMA PACHA: Pana vumbi.

FUNDI: Vumbi linalopukutika?

MAMA PACHA: (mtandao unakwaruza) —limeganda. Kama tope. Lakini mvua haijanyesha. Kidole kinateleza.

FUNDI: Kinateleza?

MAMA PACHA: Ni mafuta. Umeniwekea mafuta kwenye breki wewe mwanaume?

FUNDI: Mafuta hayaingii kwenye breki. Kwenye karakana yangu mtu akikaribia breki na kopo la mafuta namfukuza. Si mimi.

MAMA PACHA: Basi nani? Shetani?

FUNDI: Nilipokufungia nilikuambia nini kuhusu kelele?

MAMA PACHA: Ulisema mengi.

FUNDI: Nilisema viatu vipya vitalia siku za mwanzo. Vikishazoeana na chuma vitanyamaza vyenyewe. Vililia?

MAMA PACHA: Vililia. Stendi wakaniita Kengele. Nikipita wanaulizana kama ni saa ya kutoka darasani. Mpaka leo.

FUNDI: Kililia cha upande gani?

MAMA PACHA: ...Kulia.

FUNDI: Kikanyamaza polepole au kwa mara moja?

MAMA PACHA: Nililala inalia. Nikaamka imenyamaza.

FUNDI: Jioni unaiegesha wapi?

MAMA PACHA: Uani, ukutani. Inabana, unaujua ua wenyewe.

FUNDI: Upande gani unagusa ukuta?

MAMA PACHA: Wa kushoto. Kwani ukuta unahusiana nini na—

(Upepo kwenye simu.)

FUNDI: Mama Pacha?

MAMA PACHA: Nipo.

FUNDI: Nani anashughulika nayo jioni?

MAMA PACHA: Mdogo wako. Anaiosha. Anavuta kigoda chake, anakaa na ndoo, anaifuta mpaka taa. Kuisukuma hawezi. Kuzunguka kwenye ukuta hawezi, hapapiti mtu.

FUNDI: Anafika upande wa kulia tu.

MAMA PACHA: Huo mmoja.

FUNDI: Ulimwambia kwamba kelele itaisha yenyewe?

MAMA PACHA: Hakuniuliza.

FUNDI: Mtu aliyeiendesha pikipiki hiyo miaka yote akuulize wewe?

MAMA PACHA: Usinigeuzie. Usithubutu. Angeniua. Unauona huu mteremko? Unaishia getini, na getini watoto wamejaa wanangoja kula. Wa kwangu wawili wamo. Ningeteremka na breki moja na mitungi hii, kwa sababu mtu mzima amekaa kwenye kigoda akaona breki ni bawaba ya mlango, aipake mafuta isilie.

FUNDI: Ndiyo. Ungeweza kufa.

MAMA PACHA: Na unasema taratibu hivyo hivyo.

FUNDI: Nikisema kwa kelele breki itashika? Nina hasira kama wewe. Huyo ni mdogo wangu, nimemfundisha mimi kushika spana, anajua mafuta na breki havikai pamoja. Anajua. Ndilo linaloniuma. Mtu anayejua hafanyi hivyo mpaka awe anaitaka sana hiyo kelele iishe. Ulimwambia nini siku ile?

MAMA PACHA: Siku gani?

FUNDI: Uliyolala inalia.

MAMA PACHA: Mtandao unakata.

FUNDI: Mtandao uko sawa.

(Pikipiki nyingine inapita. Mtu anapaza sauti: "Kengele, leo mapumziko?")

MAMA PACHA: Pita huko na mdomo wako. (anarudi kwenye simu) Nilikuwa nimechoka. Nimeshinda juani, nimechekwa, naingia ndani nakuta vyombo... Nilimwambia maneno.

FUNDI: Sawa. Usinitajie.

MAMA PACHA: Sikutajii. Lakini na yeye hakujibu. Angejibu hata neno moja tungemaliza. Akachukua fimbo yake, akatoka uani. Nikadhani amekwenda kupunga upepo.

FUNDI: Sasa nisikilize. Huteremki. Mpigie mpishi atume watu wapande kuibeba mitungi.

MAMA PACHA: Atatafuta mwingine wa kumletea gesi.

FUNDI: Atafute. Akufukuze ukiwa mzima. Mimi nafunga karakana, nakuja. Nampitia na yeye.

MAMA PACHA: Nani? Usimlete. Nikimwona hapa nitasema yale yale na kuongeza.

FUNDI: Ulioharibika ni mgongo. Mikono anayo. Atafungua alichokipaka, nitashika taa.

MAMA PACHA: Mchana huu taa ya nini?

FUNDI: Basi nitashika mdomo wangu. Na wewe wako.

MAMA PACHA: Wewe usiniletee— Ngoja. Kuna simu nyingine inaingia. (anatazama kioo cha simu) Ni yeye.

FUNDI: Pokea.

MAMA PACHA: Anajua saa hizi niko barabarani. Huwa hanipigii nikiwa barabarani. Kwa nini anapiga leo?

FUNDI: Labda amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi anawaza. Pokea.

MAMA PACHA: Nikipokea nitalipuka, shemeji. Nakujulisha mapema.

FUNDI: Basi uliza ninachohitaji mimi. Ameweka mafuta gani, na ameyapitisha wapi. Kama yalipita pembeni tu, naweza kusafisha. Kama yalizama ndani, nije na viatu vingine. Jibu la uhakika analo yeye peke yake, mimi nabahatisha.

MAMA PACHA: Nimuulize hivyo tu?

FUNDI: Hivyo tu. Halafu msikilize mpaka mwisho.

MAMA PACHA: Bado inaita.

FUNDI: Mama Pacha, yale mawe—

MAMA PACHA: Yapo, yameshika. Fanya haraka. Nakata, asije akakata yeye.