Mwalimu Theodosia Haule, Mwenye Nyumba ya Ngoma

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu wa ukoo wa Haule na ndugu wa ukoo wa Challe, walimu, majirani na waombolezaji wote mliofika hapa Kihagara leo, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, familia inawaomba mketi na kusikiliza, maana karatasi hizi ni nne na marehemu aliagiza zisomwe zote. Historia hii haikuandikwa na mtu wa kamati, ameitamka marehemu mwenyewe akiwa kitandani wiki ya mwisho ya Januari, naye binti Jacqueline, mjukuu wa mdogo wake, akaandika, kwa sababu marehemu alisema amekaa kwenye misiba mingi ya ziwani na ya milimani akasikia watu wagumu wakizikwa kwa maneno laini, na yeye hakutaka kupakwa asali wakati hawezi tena kujifuta. Aliagiza pia kwamba msomaji awe mdogo wake huyo huyo, Protasi Haule, asipunguze neno wala asiongeze, isipokuwa pale karatasi itakapomwambia, na Protasi ndiye huyu anayesimama mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1956 hapa hapa Kihagara, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Jerome Haule, fundi mwashi na mpiga mganda, ngoma ya wanaume, na Mama Yuliana, mtunzi wa nyimbo za kihoda, ngoma ya kina mama wa mwambao huu. Protasi alimfuata mwaka 1962, akabebwa mgongoni na dada yake mpaka alipoweza kutembea, na hata baada ya hapo akadai mgongo kila palipokuwa na mchanga wa moto, jambo ambalo marehemu aliomba litajwe mapema kabla ya kutajwa mengine.

Mama Yuliana alikuwa na kanuni moja katika duara lake la kihoda, kwamba aliyekosa huimbwa kwa jina lake bila kuzungushwa, na akishaimbwa hukaa nje ya duara mpaka siku atakapoingia katikati kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu, na kusema ni mimi, hapo ngoma humjibu mara moja, anapokewa, na wimbo ule haupigwi tena. Wapo waliokaa nje miaka mingi, wakajifanya hawapendi ngoma, na yupo mmoja aliyehamia Liparamba kabisa, lakini marehemu alisema hajaona mahakama iliyowahi kumaliza ugomvi kwa usafi kama duara lile la mama yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 1970, akachaguliwa kwenda sekondari milimani, ambako kila muhula alipanda kwa miguu na mzigo wa muhogo mkavu kichwani, akachekwa na watoto wa wakulima wa kahawa kwa kunuka dagaa, naye akawatungia wimbo, wakaacha. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1976, na Januari 1977 akapangiwa kituo chake cha kwanza Liparamba, akahamishiwa Mbinga mwaka 1985, na mwaka 1999 akaomba mwenyewe kurudishwa Kihagara, alikofundisha mpaka alipostaafu tarehe 14 Septemba 2016.

Katika miaka hiyo yote alifundisha hesabu kwa ngoma na jiografia kwa udongo wa kufinyanga, na mkaguzi mmoja alipomuuliza kama ameajiriwa kufundisha au kucheza, alimwambia, shikamoo mzee, hesabu kwanza waliofaulu, halafu tuzungumze kucheza. Mkaguzi alihesabu, akaaga.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa takatifu na Henry Challe, seremala, mtu mpole aliyemchongea mizinga ya ngoma badala ya kabati la vyombo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Frederick, Hilda na Rosemary, ambao wote wapo hapa, na wajukuu saba. Mzee Henry alitangulia mbele za haki mwaka 2011, na marehemu hakutaka yaandikwe mengi juu yake, alisema tu kwamba hakuwahi kumwambia anyamaze.

Sasa karatasi inafika kwenye nyumba. Mzee Jerome alijenga kwa mikono yake nyumba ya tofali za kuchoma pale chini karibu na ziwa, vyumba viwili na ukumbi, na siku ya Jumapili tarehe 20 Julai 2008, wiki mbili kabla ya kufariki, alikaa barazani baada ya misa akasema kwamba nyumba hii ni ya Theodosia, apate mahali pa kufundishia watoto ngoma na kazi za mikono, na asiondolewe na mtu. Mzee hakuandika, alikuwa mtu wa tofali, kalamu hakuizoea, na waliokuwa barazani siku hiyo walikuwa watatu, yeye, Theodosia, na mtu wa tatu ambaye atatajwa mahali pake.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 2016 marehemu alifungua mlango wa nyumba ile, akafagia popo, na kuanzisha asasi ya sanaa mliyoizoea kwa jina la Nyumba ya Ngoma, iliyosajiliwa wilayani mwaka uliofuata, isiyo na mfadhili, isiyo na gari lenye nembo mlangoni, wala bango lenye picha ya mtoto anayelia. Kiingilio kilikuwa kipande kimoja cha kuni, kwa sababu ngoma hutaka moto ili ngozi ikaze, na mtoto asiye na kuni alikuja na majani makavu, na asiye na majani aliingia hivyo hivyo akapuliza moto wa wenzake. Walichonga, walisuka mikeka yenye michoro waliyoibuni wenyewe, walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, na kila mwezi mmoja wao alitunga wimbo mpya, ukaimbwa hata kama ni mbaya, maana marehemu alisema wimbo mbaya ulioimbwa humfundisha mtu kuliko mzuri uliofichwa. Aliyemaliza kutengeneza ngoma alichoma jina lake kwenye mzinga kwa waya wa moto, kisha akampa mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyepiga ngoma yake mwenyewe na hakuna aliyethubutu kuharibu ya mtu.

Kwa miaka saba walipita pale watoto mia mbili na kumi na wanne. Kwenye orodha hiyo yumo Tarsisi, ambaye hakuwa akisema neno kwa kigugumizi na leo anasoma masomo ya kwanza kanisani kama maji yanavyoshuka, na yumo Jacqueline, msichana wa kwanza kupiga ngoma kubwa katika mwambao huu bila kufukuzwa, na wengine ni mafundi, walimu na kina mama wanaobembeleza watoto kwa nyimbo walizotunga wenyewe.

Na ninyi, anasema marehemu, mlisemaje? Mlisema mwalimu amestaafu akili pamoja na kazi. Mlisema asasi gani haina Mzungu hata mmoja. Mlisema kelele zinawafukuza usipa, dagaa wetu, ziwani, ingawa siku zote usipa walikuja na kuondoka walivyotaka, na aliyesema hivyo hakuwa na nyavu wala mtumbwi. Alipoomba mzazi mmoja aje kuangalia kazi ya mwanawe, mlikuwa shambani, hata Jumapili, hata mvua ikinyesha, shamba hilo lingekuwa la kweli Kihagara ingelisha mkoa mzima.

Mwaka 2023 walikuja wageni wawili kutoka Songea, wakapiga picha, wakasema wataandika barua, na ghafla Nyumba ya Ngoma ikawa ya kwetu sote. Barua haikuja, ila uvumi ulikuja, kwamba wafadhili wanataka kujenga, kwamba kiwanja kitaandikwa jina la mwalimu, na kwamba mwalimu ni mke wa Challe, kwa hiyo nyumba ya Haule itamezwa na ukoo wa Challe huku wanaume wa Haule wamekaa. Jumamosi tarehe 16 Machi 2024 kikao cha ukoo kilikaa kuanzia saa nne asubuhi chini ya uenyekiti wa Augustino Haule, mtoto wa baba mdogo, kikasema binti aliyeolewa hana nyumba kwa baba yake. Marehemu akaeleza maneno ya barazani. Mwenyekiti akauliza ni nani mwingine aliyeyasikia, marehemu akasema Protasi alikuwepo, Protasi akaulizwa mbele ya watu kumi na tisa, akatazama viatu vyake, akasema ni siku nyingi, hakumbuki vizuri.

Karatasi inasema, soma tena sentensi hiyo. Protasi akaulizwa mbele ya watu kumi na tisa, akatazama viatu vyake, akasema ni siku nyingi, hakumbuki vizuri.

Mchana huo huo wanaume walitoa vitu nje, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga ndani ya nyumba ile, walizipanga ngoma uwanjani kama masufuria, wazi juu, ngozi chini kwenye tope, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili aliyepita Nyumba ya Ngoma hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Mvua ya masika ikanyesha mpaka jioni, zikajaa, ngozi zikalowa, zikalegea, na kufika Jumatatu zilikuwa zinanuka, ngoma kumi na moja, zenye majina ya watoto kumi na mmoja. Ilipona moja tu, ya kumi na mbili, ndogo, ya ngozi ya kenge, aliyoifunika Jacqueline kwa kitenge chake akarudi nyumbani amelowa. Nyumba ikafungwa kufuli, ufunguo akapewa Protasi kama mwanamume mkubwa wa tumbo lile, na tangu siku hiyo hakuna kilichojengwa, hakuna kilichohifadhiwa, popo wamerudi.

Marehemu aliendelea kufundisha barazani kwake, kwa mikono kwenye mapaja na kwa madebe, mpaka Mei 2024 alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alipelekwa hospitali ya misheni, akagundulika kuwa na tatizo la moyo, akalazwa Juni, akalazwa tena Oktoba, na safari ya Desemba ya kwenda kutibiwa Mbinga akaimaliza amekaa, kwa sababu akilala anazama. Ndugu walimtembelea, na karatasi inawashukuru, lakini inasema pia kwamba Protasi alikuja mara sita, kila mara na kuku, akazungumzia mvua, bei za mahindi na mgongo wake, na kila mara dada yake alimsubiri amalize kuku na mvua afike kwenye neno, naye akaondoka kabla ya neno. Marehemu hakumchukia. Alisema mtoto uliyembeba huwezi kumshusha mara moja.

Kuanzia hapa maneno ni ya Jacqueline mwenyewe. Bibi Theodosia alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Tangu juzi zimeletwa fulana zenye sura yake, na spika kubwa, na waliosema anapiga kelele wanauliza kwa nini vijana wake hawapigi ngoma. Hawapigi kwa sababu ngoma zilioza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake wa Liparamba, Mbinga na Kihagara, jumuiya ndogondogo, majirani waliochota maji na kupika tangu Jumanne, na kwa namna ya pekee watoto mia mbili na kumi na wanne, ambao asubuhi ya leo kila aliyeweza amekuja na kipande kimoja cha kuni, akakiweka pale mlangoni pa Nyumba ya Ngoma bila kuagizwa na mtu.

Mwisho wa karatasi ya nne marehemu ameacha mistari mitatu mitupu, na juu yake yameandikwa maneno haya, kwamba huu ndio wimbo wangu wa mwisho, aliyekosa ameimbwa kwa jina lake, na hapa Protasi aseme alichosikia.

Ndugu waombolezaji, ni mimi. Nilikuwa barazani siku ile ya Jumapili, nilikaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa baba, na nilisikia kila neno, nyumba ni ya Theodosia, na asiondolewe na mtu. Siku ya kikao nilikumbuka vizuri kama ninavyokumbuka sasa, ila niliogopa kuitwa mwanamume aliyewapa Challe nyumba ya baba yake, na kwa woga huo dada yangu amekufa akisubiri nifungue mdomo. Ufunguo huu hapa, namkabidhi Jacqueline mbele yenu nyote, pamoja na watoto wa nyumba ile. Ana ile ngoma ndogo miguuni pake. Kwa kanuni ya mama yetu ngoma humjibu aliyesema, lakini Jacqueline ameniambia tangu jana kwamba leo hatapiga, na mimi nitakaa nje ya duara mpaka atakapoona inafaa.

Dada Theodosia, ulinibeba kwenye mchanga wa moto, na mimi nimeshindwa kukubebea sentensi moja. Mlango wako uko wazi. Pumzika kwa amani, mwenye nyumba.