Ambujam, Tembo Aliyeubeba Mlingoti wa Hema

Marehemu Ambujam alizaliwa mwaka 1961 katika misitu ya Wayanad, kusini mwa India, akanaswa shimoni kabla hajaacha kunyonya. Shule yake ilikuwa uwanja wa sarakasi mjini Thalassery. Walimu wake, mnyororo na fimbo yenye ndoano. Akafuzu kusimama juu ya kigoda, kupiga mpira wa kriketi na kuwapigia magoti watazamaji walioshiba ilhali yeye hajala.

Alianza kazi mwaka 1968. Jioni ya tarehe 6 Juni 1983, mjini Kozhikode, dhoruba iliuvunja mlingoti mkuu wa hema, na Rohini, msichana wa bembea, alikuwa angali juu. Ambujam aliingiza paji lake chini ya mlingoti, akausimamisha bila kuamriwa na mtu, mpaka Rohini akashuka na watoto wote wakatoka. Wapo watu wazima waliosahau kukimbia, wakabaki kumtazama.

Shukrani aliyopewa ni hii: mwezi uleule alibadilishiwa mtunzaji, na huyo mpya, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, alimfunga miguu yote minne akampiga siku kumi na moja ili aijue sauti yake. Maishani mwake alitendewa hivyo mara sita.

Hakuolewa wala hakuzaa. Tembo mwenye mimba hachezi, na asiyecheza hakuwa na faida kwao.

Sarakasi ilipofungwa mwaka 2009, Rohini alimchukua nyumbani kwake Kannur, pamoja na mtunzaji mzee Chathukutty. Mwaka 2016 macho ya mzee yalififia. Akaja mtunzaji mpya, Dasan, na fimbo zake tatu.

"Dada, tembo asipofungwa hamheshimu mtu. Ataniua huyu!"

"Fimbo tatu kwa bibi kizee, na mwoga ni wewe?" Rohini alimjibu. "Hapa hafungwi. Mlishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akukubali. Ukichoka, basi la Thalassery linapita saa nne."

Chathukutty alicheka barazani. "Na wali uuonje kwanza, mdogo wangu. Akisusa, utaumaliza wewe."

Siku ishirini na sita Dasan alimlisha matonge ya wali na sukari guru, bila amri hata moja kumtoka. Siku ya ishirini na saba Ambujam alimnyooshea mwenyewe mguu wa mbele, ule wenye kidonda, ambao hakuwahi kumwachia mtu auguse bila kufungwa. Dasan alipiga magoti akauosha, machozi yakimtoka.

Kidonda hicho, zao la miaka mingi ya kusimamishwa juu ya saruji, kilimla hadi mfupani. Tarehe 14 Machi 2019, saa tatu asubuhi, alijilaza ubavu, Dasan akiwa amemshika sikio, akakata roho. Miguuni hakuwa na mnyororo.

Ameacha Rohini, Chathukutty na Dasan. Habari za mama yake hakuna aliyewahi kuziuliza.

Apumzike kwa amani, na asiwepo tena wa kumwamuru ainuke.