Mwalimu Taratibu na Miaka Thelathini na Tisa ya Darasa la Kwanza

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Taratibu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari, na akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1985.

Januari 1986 alipangiwa darasa la kwanza, "kwa muda tu." Muda huo ulifika miaka thelathini na tisa. Familia imenipa mimi, bintiye wa pili, kazi ya kuwaeleza kwa nini, maana nami ni mwalimu. Nakiri mbele ya jeneza lake kwamba sijui. Kila Jumapili jioni alilalamika kuwa kazi imemchosha, na kila Jumatatu alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua geti.

Hakuanza somo bila kumpa mkono kila mtoto mlangoni. Siku moja mwaka 2004 mtoto mmoja alikataa, kakunja ngumi, analia. Baba alimpa chaki na kiti chake, yeye akajibana dawatini. Mara mkaguzi akaingia.

"Mwalimu yuko wapi?"

Darasa zima likamwonyesha yule mtoto. Baba akabaki ameinama dawatini kati ya watoto, ripoti ikaandikwa kuwa mwalimu hakuwepo, na cheo cha mwalimu mkuu alichokuwa akikisubiri kikaenda kwa mwingine.

Mama yetu, muuguzi aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Desemba 1991, alishika kichwa. "Baba watoto, si ungemweleza tu?"

"Nimweleze mbele ya mtoto? Angejiona kaniponza."

Lakini sisi wanawe tukimwaga chai, palikuwa panawaka moto. Subira yote aliimalizia shuleni. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Februari mwaka huu, akiwa amelazwa, nilimwonyesha barua yangu ya kuacha ualimu, ambayo sijaipeleka. Nilitaka anizuie, au anipe baraka. Aliisoma mara mbili.

"Mwandiko mzuri," akasema. Kisha: "Darasa langu kalishika nani?"

Nikamwambia limeunganishwa na la pili. Akageukia ukutani, akalia.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na wanafunzi arobaini na sita. Hao arobaini na sita, mwalimu mkuu wake ameniomba niwashike hadi muhula uishe. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, na mpaka sasa sielewi mdomo ulinitanguliaje. Wewe, baba, pumzika kwa amani.