Pampu Inayozimika Dakika ya Tano

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, kando ya kisima cha bustani ya miche, na mimi ndiye ninayewauzia kahawa wanaolikalia. Nawapenda, lakini ubishi wao unanichosha. Asubuhi hiyo pampu ya petroli ya Mama Miche iligoma tena pale kisimani, hatua chache tu kutoka kwetu. Miche yake elfu mbili ya nyanya ilikuwa na siku mbili bila maji, na majani yalishaanza kulala.

— Inawaka vizuri, alisema Mama Miche. Ikifika dakika ya tano, kimya. Kaka zangu, miche inanifia.

Spana, fundi baiskeli aliyejipandisha cheo, alishang'oa plagi kabla ya salamu.

— Ona ilivyo nyeusi! Mgonjwa wetu huyu hapa.

Akaisugua, akairudisha. Mama Miche akafungua tangi kutazama petroli, akafunga, akavuta kamba. Pampu ikanguruma. Dakika ya tano, kimya.

— Kabureta, alisema Profesa, karani mstaafu anayesoma hata karatasi za kufungia sabuni.

— Nimeisafisha jana, shemeji. Na chujio la hewa pia.

— Basi petroli imechoka.

— Nimeinunua leo.

— Profesa, nikaingilia, petroli gani inachoka kabla ya saa nne asubuhi?

— Wewe mimina kahawa.

— Mimi nasema mashine ina woga, akasema Spana. Ikisikia maji yanapanda, inashtuka.

— Au imekaa vibaya, akasema Profesa. Ielekee jua linakotoka.

Wakaigeuza. Wallahi, watu wazima wenye wajukuu waliigeuza!

— Nisikilizeni basi! Kila nikifungua tangi, ikiwashwa inakubali. Nikifunga, haichukui muda...

— Shemeji, tulia. Wataalamu wako kazini.

Machozi yakamlenga Mama Miche. Hapo nilikasirika kwelikweli, nikaliweka birika chini.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, katoka zamu, mgeni kabisa kijiweni. Aliomba kikombe, akasikiliza, kisha akainama juu ya tangi.

— Samahani. Petroli ikishuka, hewa inaingilia wapi?

Spana alijikuna shingo.

— Hewa ya nini, dada?

— Ya kujaza nafasi inayoachwa. Wodini, chupa ya dripu ukiinyima hewa, dawa haishuki.

Sote tukautazama mfuniko. Katundu kake kadogo ka hewa kalikuwa kamefunikwa kwa nailoni iliyokazwa kwa mpira. Mama Miche akageuka taratibu.

— Profesa. Si wewe uliyeniambia Jumatatu niufunge hivi, petroli isipae?

Profesa alikohoa kikohozi kirefu.

Mama Miche akaichana ile nailoni, akafunga mfuniko mtupu, akavuta kamba. Tukahesabu kwa sauti. Dakika ya tano ikapita. Ya sita. Ya kumi, akapiga kigelegele hadi wapita njia wakasimama, akakimbia na bomba tuta baada ya tuta, maji yanaruka, gauni limelowa, anacheka na kulia. Nami nilipiga makofi kama mwendawazimu.

— Nilisema ni hewa! akapayuka Spana.

Profesa alirudi kwenye benchi, akakuta muuguzi amekaa.

— Dada, hapo nakaa mimi.

— Leo simama, shemeji! akajibu Mama Miche kutoka kwenye matuta.

Akasimama. Nami nikammiminia muuguzi kikombe cha pili.