Kimea na Yasini

Ndani ya haisi ya kutoka Nachingwea, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alipakata mfuko wa kimea cha mtama huku akimlalamikia binti wa kidato cha sita asiyemjua.

"Kesho hitima ya mama yangu. Tangu afe, togwa yangu haikolei utamu. Wifi zangu wanasema baraka kaondoka nayo."

"Kimea unatia kwenye uji wakati gani, mama?"

"Uji ukitokota! Mimi sio mvivu wa kuni."

"Basi unaviharibu vimeng'enya vya kimea. Ndivyo vinavyoukata wanga ukawa sukari. Vinataka uvuguvugu."

"Mama yangu hakusoma hayo. Aliepua chungu, akasoma Yasini nzima, ndipo akatia."

Binti akatoa macho. "Yasini nzima? Uji ulikuwa unapoa, mama! Alijua kazi huyo."

"Kwa hiyo ni Yasini, au hivyo vidudu vyako?"

"Si vidudu, mama."

Nami nimemzika mama yangu majuzi. Nilimwonea wivu mama yule kwa swali lake; mimi sikuachiwa hata la kuuliza. Gari likasimama stendi ya Ruangwa. Mama akapanda bodaboda ya Mbekenyera, amekumbatia mfuko, midomo ikicheza. Alikuwa ameshaanza kuisoma Yasini.